Slaida ndefu ya mkono au fupi yenye mota? Jibu kwa mpiga video wa Mwanga, Kigoma

Swali: Shikamoo kaka. Niko Mwanga, Kigoma. Napiga video za harusi kwa Canon 200D yenye lenzi yake ya 18-55. Sasa nimepata kazi ya video ya dakika tatu kuhusu mji wetu: ziwa, Ujiji, stesheni, wavuvi wa Kibirizi usiku, na jua likizama kwa taimulapsi, yaani picha nyingi zinazounganishwa kuwa video. Nina laki sita ya kununulia slaida, ile reli ya kutelezeshea kamera. Nimeonyeshwa ya sentimita 120 ya kusukuma kwa mkono na ya sentimita 60 yenye mota, bei zinakaribiana. Nasafiri kwa bodaboda. Nilidhani ndefu ndiyo bora, ila rafiki yangu anabisha. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako yuko sahihi. Chukua ya 60 yenye mota, ilimradi ipite majaribio nitakayokueleza hapa chini, na kama kuna chenji itakayobaki, itie kwenye tripodi. Lakini nisiishie hapo, maana kuna jambo ambalo usipolielewa, hata nikikupa slaida ya mita tatu utarudi na picha ambayo watu watasema umeweka kamera chini ukaondoka.

Umewahi kupanda treni ya kwenda Tabora ukakaa dirishani? Vichaka vya kando ya reli vinakimbia mpaka macho yanauma, miti ya mbali kidogo inapita taratibu, na kilima cha mbali kabisa kinakufuata kama mbwa wa nyumbani. Hiyo ndiyo kazi yote ya slaida. Jicho la mtazamaji linafurahia tofauti ya mwendo kati ya kilicho karibu na kilicho mbali. Kukiwa hakuna kitu karibu, hakuna tofauti, na slaida yako inakuwa mzigo tu.

Tupige hesabu kwa kamera yako. Kihisi cha 200D, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, kina upana wa milimita 22.3. Ukiiweka lenzi kwenye milimita 18, kitu kilicho mita moja mbele yako kinaangukia ndani ya fremu yenye upana wa mita 1.24 hivi. Slaida ya sentimita 60 haikupi sentimita 60 za mwendo, kwa sababu kigari chenyewe, kile kinachobeba kamera, kinakula sentimita kumi na kitu. Tuseme unabaki na 48. Basi kile kitu cha mita moja kitahama karibu asilimia 39 ya upana wa picha. Huo ni mwendo mkubwa sana, utaona kabisa mtumbwi ukipita mbele ya ziwa. Kikiwa mita kumi, kitahama chini ya asilimia 4. Kikiwa mita mia moja, ni kama pikseli saba tu kati ya 1920. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haitahama hata pikseli moja.

Sasa weka ile ya 120 kwenye hesabu hiyohiyo. Kwa kitu cha mita mia, pikseli saba zinakuwa kama kumi na saba. Kuna atakayeona? Kwa hiyo urefu haukuokoi. Kinachokuokoa ni kupiga hatua tano mbele, kuinama, na kuweka kamera karibu na kamba ya nanga, majani, dagaa waliotandazwa kwenye kichanja, au ubavu wa boti lililovutwa mchangani. Ukiwa na kitu sentimita 60 mbele ya lenzi, slaida ya 40 inafanya kazi ambayo ya 120 haiwezi ukiwa umesimama juu ya kilima ukipiga ziwa lote.

Na ukitaka mwendo kidogo juu ya mandhari ya mbali isiyo na kitu karibu, usibebe slaida kabisa. Picha za 200D zina pikseli 6000 kwa 4000, na video ya 4K inahitaji 3840 kwa 2160. Piga taimulapsi kamera ikiwa imetulia, halafu usogeze fremu ukiwa kwenye kuhariri. Hakuna atakayejua, na mgongo wako utakushukuru.

Suala la pili ambalo wauzaji hawalitaji ni miguu. Slaida ya 120 juu ya tripodi moja ni pembea ya watoto. Kamera yako na lenzi ni kama gramu 670, ongeza kichwa cha tripodi na kigari unakaribia kilo moja na nusu. Kwenye slaida ya 60 mzigo huo unaondoka katikati kwa sentimita 24 tu. Kwenye ya 120 unaondoka kwa zaidi ya nusu mita. Upande mmoja unalala, kichwa cha tripodi kinajipinda kidogo, na unapofika mwisho picha imeinama. Kwenye ukumbi wa harusi huenda usigundue. Kwa ziwani utaumbuka, maana mstari wa maji unakatiza picha yako kuanzia kushoto hadi kulia, na mstari huo ni pima maji isiyohongeka. Nyuzi moja tu ya kuinama na mtu yeyote anaona ziwa linamwagika.

Dawa ya slaida ndefu ni tripodi mbili, moja kila ncha. Sasa niambie: kamera, slaida ya mita na zaidi, tripodi mbili, begi la lenzi, na wewe, nyuma ya bodaboda kutoka Mwanga mpaka Ujiji? Mimi nimeshafanya ujinga huo. Ncha ya reli ilikuwa imechomoza nyuma, dereva akakwepa shimo, ikagonga ukuta. Haikuvunjika. Ilipinda kiasi ambacho jicho halioni, ila kuanzia siku hiyo kigari kikifika pale katikati kilikuwa kinaruka kidogo, tk, kila safari. Niliendelea kuitumia mwaka mzima nikikata vipande vya video kabla ya ile tk.

Ya 60 inaingia kwenye begi la mgongoni au inafungwa ubavuni mwa begi kwa mkanda. Hilo peke yake kwangu lingetosha kumaliza mjadala.

Kuna slaida nyingine fupi zenye mtambo wa kuzidisha mwendo: reli yenyewe inateleza juu ya tripodi wakati kigari kinateleza juu ya reli, hivyo mwendo unakuwa karibu mara mbili ya urefu wake. Edelkrone wa Uturuki na Zeapon wana za namna hiyo. Ni nzuri na zinabebeka. Ila mzigo wote unatoka nje ya tripodi, kwa hiyo zinadai tripodi nzito zaidi, na bei yake sidhani kama itakaa vizuri na laki sita yako pamoja na mota. Ziache kwanza.

Sasa kwa nini mota, wakati mkono ni bure? Kwa sababu ya jua lako. Kwa kuwa tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua la Kigoma huzama karibu saa moja jioni, dakika kama arobaini baada ya Dar es Salaam, na linaangukia upande wa ziwani, bahati ambayo wenzetu wengi hawana. Tuseme unaanza dakika 30 kabla halijazama na unaendelea dakika 15 baada ya kuzama, wakati mawingu yanageuka rangi ya embe. Ni dakika 45. Picha moja kila sekunde tano ni picha 540. Kwa fremu 25 kwa sekunde unapata video ya sekunde 21 na kidogo. Gawa sentimita 48 kwa picha 540: kila picha kigari kisogee chini ya milimita moja. Mkono gani huo? Niliwahi kubandika rula kwenye reli na kusukuma milimita moja moja kwa kidole huku nikihesabu. Nilipoiunganisha, ilikuwa inatetemeka kama mtu mwenye malaria.

Kwa video za kawaida, mkono unatosha na mara nyingi ni mzuri kuliko mota. Siri ni mpira wa kufungia noti: ufunge kwenye kigari, vuta mpira, usivute kigari. Mpira unameza mitetemo ya vidole. Kwa hiyo unaponunua ya mota, hakikisha mota inaweza kuachia mkanda unaovuta kigari ili usukume kwa mkono. Zipo ambazo ukizima mota kigari kinaganda, na kwenye harusi hiyo ni balaa. Bibi harusi anavalishwa pete, wewe unatafuta simu ufungue programu, programu inatafuta bluetooth, shangazi anapiga vigelegele, pete imeshaingia.

Tena kwenye harusi mota ina sauti. Wakati wa mziki haijalishi. Wakati mzee anatoa nasaha na kipaza sauti chako kiko juu ya kamera, utasikia mbu mkubwa amekaa kwenye hotuba nzima. Punguza mwendo wa mota au tumia mkono.

Kwenye mota angalia mambo mawili ambayo yanatofautisha ya kazi na ya kuchezea. Kwanza, iwe na mtindo wa kupiga, kusogea, kusimama, kupiga tena. Mchana mota inayotambaa bila kusimama haina shida, maana picha inachukua sehemu ndogo ya sekunde. Usiku Kibirizi utafungua shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, sekunde 15. Kigari kikitambaa muda wote huo, mtumbwi ulioko mita moja mbele yako utakuwa na ukungu wa pikseli kadhaa na utadhani lenzi ni mbovu. Pili, mota iweze kuamrisha kamera. Hapo panahitajika waya kutoka kwenye mota kwenda tundu la rimoti la kamera, na kwa 200D ni tundu dogo la milimita 2.5. Waya wa baadhi ya kamera kubwa za Canon hauingii humo, na wa Sony ni mwingine kabisa. Fungua boksi dukani uone waya uliomo. Kama haumo, uwe sehemu ya maelewano ya bei kabla hujatoa pesa.

Betri: tafuta inayokubali betri za NP-F, zilezile unazotia kwenye taa zako za LED. Chaja unayo, akiba unayo, na umeme ukikatika jioni hujakwama. Zile zenye betri iliyofungiwa ndani, siku betri ikichoka umebaki na chuma. Pawa benki inafaa, ila ijaribu kwanza: nyingi hujizima zikiona kifaa kinakunywa umeme kidogo sana, na mota inayosimama kati ya picha na picha inaonekana kwake kama imechomolewa. Na usisahau ya kamera yenyewe. Canon wanaikadiria betri ya 200D picha 650, kwa hiyo machweo moja ya picha 540 karibu inaimaliza. Nenda nazo mbili.

Uzito ulioandikwa kwenye boksi uusome kwa jicho moja. Wakiandika kilo tano, ni kilo tano reli ikiwa imelala. Ukiinua ncha moja ili kamera ipande, mota ndogo inaanza kuhema au kigari kinarudi nyuma. Kwa mzigo wako wa kilo moja na nusu, chochote kilichoandikwa kilo nne au tano kitakufaa.

Majaribio ya dukani sasa. Usiseme unaona aibu, pesa ni yako. Shika kigari bila kamera, kitikise kushoto, kulia, juu, chini. Kikicheza hata kidogo, kitacheza zaidi ukiweka kamera. Kisha sukuma kwa kidole kimoja kutoka ncha hadi ncha ukiwa umeweka sikio karibu. Beringi nzuri zina sauti moja ya kuteleza, mbovu zinanguruma au zinakwaruza mahali fulani. Halafu weka kamera yako mwenyewe, vuta lenzi hadi 55, elekeza kwenye ukuta wa matofali au rafu yenye mistari, washa mota kwa mwendo wa chini kabisa, rekodi ncha hadi ncha. Icheze hapohapo kwenye kioo ukikuza picha. Lenzi ikiwa 55 kila mtetemo unaonekana, na mistari ya ukuta ikipanda au kushuka ujue reli inalegea. Kama unaagiza Kariakoo na hutafika, mwambie muuzaji akurekodie jaribio hilo akutumie. Anayekataa, achana naye.

Angalia pia skrubu. Za tripodi ni inchi 1/4 na 3/8, na slaida nzuri ina matundu ya zote mbili, katikati na kwenye ncha. Miguu midogo ya ncha iwe ya kurefusha na kufupisha kwa kuzungusha, maana mchanga wa ufukweni na ngazi za stesheni havijui usawa.

Kuhusu mchanga. Ukirudi kutoka Kibirizi, usianze kupangusa reli kwa kitambaa, utakuwa unaisugua kwa msasa. Tumia brashi laini ya rangi, kavu, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo. Wala usitie mafuta. Nilishatia ya cherehani nikijiona fundi, siku mbili baadaye mchanga wote wa Ujiji ulikuwa umegandamana kwenye beringi kama ugali. Na ukimaliza kazi legeza breki ya kigari. Magurudumu mengi ni ya plastiki ngumu, yakikaa yamebanwa wiki nzima yanapata ubapa, na ubapa huo utausikia kwenye kila picha.

Kwa maeneo yako, nitakuambia ninavyofanya mimi. Stesheni, kaombe ruhusa kwa mkuu wake kwanza, usianze kufunga reli ya kamera kando ya reli ya treni ukategemea kucheka na walinzi. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, na jengo la Wajerumani linapendeza lenyewe. Lakini kosa la wengi ni kusimama ng'ambo ya barabara na kuliteleza lote. Liko mbali mno kwa slaida. Sogea mpaka nguzo moja iwe hatua moja kutoka kwenye lenzi, anza ikiwa imeziba fremu, teleza mpaka jengo lifunguke. Sekunde sita zinatosha. Ujiji, kwenye miembe ya zamani, fanya hivyohivyo na shina la mwembe.

Kwa machweo, weka kila kitu kwa mkono: shata, tundu la lenzi, ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga), rangi ya mwanga, fokasi. Ukiiachia kamera ijiamulie, video itapepesa. Tatizo ni kwamba dakika 45 hizo mwanga unashuka sana, kwa hiyo anza na picha iliyong'aa kidogo kupita unavyopenda bila kuunguza mawingu, piga RAW, yaani faili ghafi la picha, na uirekebishe baadaye. Wengine hugeuza shata katikati ya kazi. Ukifanya hivyo gusa kamera kwa wepesi wa unyoya, maana ni hapo slaida inapohama.

Usiku wa wavuvi ndio utakaokupa heshima, na ndio wenye masharti. Taa za mitumbwi ya dagaa ziko mbali, na umeshaiona hesabu ya vitu vya mbali. Zenyewe hazitateleza. Tafuta mtumbwi uliopumzishwa mchangani, omba mwenyewe, weka slaida sambamba na ubavu wake, mita moja au chini ya hapo, na mwenzako aupake mwanga wa tochi ya simu kidogo sana kutoka pembeni. Taa za ziwani ziwe nyuma. Kwenye 18 ya kamera yako usizidishe sekunde 17 kwa picha, nyota zitaanza kuwa mistari. Kiangazi mbingu huwa na mawingu machache, ila ndio msimu wa upepo wa kusini, kwa hiyo shusha miguu ya tripodi, tundika begi lenye mawe katikati yake, na begi liguse ardhi. Likining'inia linageuka pendula. Na usipange kwenda mwezi ukiwa mpevu: mbalamwezi inaua nguvu ya taa za wavuvi, wengi hawatoki, utakuta ziwa jeusi na wewe na mbu.

Ukipanda boti, slaida ibaki kwenye begi. Boti yenyewe inateleza tayari.

Kitu kimoja hukuniambia, nacho ndicho kitaamua kama laki sita itatosha: tripodi uliyonayo ni ya aina gani. Ikiwa ni ile nyepesi ya aluminiamu yenye mkono mmoja wa plastiki, iliyokuja kama zawadi na begi, basi hiyo ndiyo ya kubadilisha kwanza, hata kama itabidi slaida iwe ya 40 bila mota na machweo uyapige kamera ikiwa imetulia. Nitumie picha yake, na hasa pale kichwa kinapokutana na miguu.